Kutoka maskani hadi chumba cha kupanga: kazi iko mwezi wa saba

Mwanaume aliyelala nje miaka kumi akikabidhiwa ufunguo wa chumba, picha zinapigwa na mfadhili anatumiwa ripoti. Lakini chumba cha kupanga Dar es Salaam mara nyingi hulipiwa miezi sita kwa mkupuo, na ripoti nyingi huishia ndani ya miezi hiyo sita. Mwezi wa saba mwenye nyumba anagonga mlango akidai kodi mpya, mpangaji ana elfu nane mfukoni, na wiki mbili baadaye yuko tena maskani, kijiweni anakolala nje, safari hii na deni na aibu juu yake. Yote yanayofuata hapa, kwa wewe unayemsaidia mtu wa namna hiyo, yamepangwa kuuelekea mwezi huo.

Nawazungumzia wanaume watu wazima wenye matatizo yaliyobebana: unga (heroini) au gongo, maradhi ya akili, TB au VVU, kifungo cha zamani, ndugu waliokata mawasiliano. Aliyekwama kwa jambo moja tu, labda kibarua kimekatika na kodi imemshinda, hahitaji haya yote. Mpatie mtaji mdogo na barua ya mtaa, atanyanyuka mwenyewe.

Kundi hili liko nje ya kila mlango. Mtoto ana Sheria ya Mtoto ya 2009. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana msamaha wa matibabu kwa mujibu wa sera. Mwanaume wa miaka 35, mwili mkubwa, nguo chafu, harufu ya gongo, anatambulika zaidi kwa vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, yaani uzembe na uzururaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika. Askari wa msako hana maoni hayo mfukoni. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kumpatia mtu wako, hata kabla ya shati, ni kadi yoyote yenye jina lake, jina la kliniki au asasi, na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Akilala mahabusu siku tano bila mtu kujua, mengi ya mliyojenga yanabomoka, na sababu ziko hapo chini.

Dawa kwanza au chumba kwanza

Kuna mtindo ulioanza New York mwaka 1992, chini ya mwanasaikolojia Sam Tsemberis, wa kumpa mtu nyumba kwanza bila kumtaka aache dawa wala pombe, kisha huduma zikamfuata humohumo ndani. Finland iliufanya sera ya nchi kuanzia 2008 na idadi ya wasio na makazi ikashuka. Wanaoupigia debe huku kwetu huruka jambo moja: kule kodi inasaidiwa na ruzuku ya serikali mwezi hadi mwezi. Huku kodi inatoka kwa yuleyule aliyeshinda jana akiokota makopo. Anayevuta kete (vifurushi vidogo vya unga) nne au tano kwa siku hana pesa ya kodi hata akipata kibarua kizuri, maana pusha, muuza unga, anamfikia kabla ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa mtu wa unga, methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, itangulie, dozi itulie kwa wiki sita mpaka nane, ndipo chumba. Kwa mtu wa gongo au mwenye maradhi ya akili, chumba kinaweza kutangulia, kwa kuwa kulala nje ndiko kunakoharibu matibabu: vidonge vinaibwa, usiku hakuna usingizi, na pombe ndiyo blanketi. Cha kuchukua kutoka mtindo wa New York bila kubadili ni kitu kimoja: anayemhudumia mtu asiwe mwenye nyumba wake. Asasi ikiwa ndiyo inayompangisha, siku atakayorudia kete atakuficha ili asifukuzwe, na ukifichwa huna kazi tena.

Soba hausi, yaani nyumba za kukaa mtu aache ulevi, ni njia nyingine, na zipo nzuri. Uliza mambo matatu kabla ya kumpeleka. Je, wanamruhusu aliye kwenye methadoni? Nyingi zinakataa. Je, wanampa dawa zake za akili kila siku au wanaziita "ulevi mwingine"? Je, kuna kufungwa minyororo au kuchapwa? Jibu baya kwa lolote kati ya hayo, geuza. Na kumbuka kwamba anayetoka soba hausi baada ya miezi minne mwili wake umesahau unga. Kipimo alichokuwa akitumia zamani ndicho kitakachomuua siku ya kwanza akiteleza. Mwambie hivyo waziwazi mlangoni, usione haya.

Methadoni, na hesabu ya miguu

Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka uliofuata, Temeke 2014, kisha mikoani. Ni bure. Ni dawa ya maji, mteja anainywa mbele ya mhudumu kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo, kisha anasemeshwa kidogo ili ijulikane ameimeza.

Siku ya kwanza dozi kwa kawaida haizidi miligramu 30, kisha inapandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote. Dozi bado ndogo, jioni arosto inarudi: pua zinachuruzika, tumbo linakata, miguu haitulii. Mtu anaona methadoni haimfai, anajazia kete moja au vidonge vya valiamu. Lakini methadoni hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba dozi ya leo inajipanga juu ya masalia ya jana na juzi. Anasinzia, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi inapungua, asubuhi haamki. Mwenzake wa maskani afundishwe: midomo ikibadilika rangi na mtu haamki hata akisuguliwa kifua kwa nguvu, alazwe ubavu, aitiwe msaada, asimwagiwe maji wala kunyweshwa maziwa.

Akikosa siku tatu mfululizo, kliniki hupunguza dozi. Akikosa tano au zaidi, huanza upya karibu na chini. Hapo ndipo msako unapouma: siku tano za mahabusu zinamrudisha mtu aliyetulia kwenye wiki zilezile mbili za hatari. Mhudumu wake akijulishwa siku hiyohiyo kwamba fulani yuko kituo fulani, kuna la kufanya. Akijulishwa Jumatatu ijayo, hakuna.

Sasa miguu. Kama nauli ni 600 kwenda na 600 kurudi, dozi ya bure inagharimu 1,200 kwa siku, yaani 36,000 kwa mwezi. Hiyo inakaribia kodi ya chumba. Ndiyo maana chumba cha bei nafuu kule mwisho wa daladala ni ghali kuliko cha elfu kumi zaidi kilicho dakika arobaini kwa miguu kutoka kliniki. Pima kwa kutembea naye, saa ileile atakayokuwa akienda, na angalia njia inapita wapi. Njia fupi inayopita katikati ya maskani yake ya zamani si fupi.

Kazi nayo ina saa zake. Feri na Kariakoo mizigo huanza kabla jua halijachomoza, na kliniki hutoa dozi asubuhi. Mtu akichagua mizigo anakosa dozi. Akichagua dozi anakuta mizigo imeisha. Kuosha magari, kuuza maji, kufagia karakana, kuchambua skrepa, hizo zinaweza kuanza saa nne. Ulinzi wa usiku unavutia, ila makampuni hutaka wadhamini na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kliniki ikifika mahali pa kumruhusu kubeba dozi nyumbani, anunuliwe kisanduku chenye kufuli siku hiyohiyo. Ni dawa ya maji kwenye kichupa, na kiasi kinachomtuliza yeye kinamuua mtoto wa jirani.

Kuna jambo moja linalopoteza watu wengi bila sababu: TB. Wanaume wa maskani wanakohoa, wakipimwa wengine wanakutwa nayo, na dawa za TB za miezi sita zina rifampisini. Rifampisini hulifanya ini liivunje methadoni haraka. Siku kadhaa hadi wiki mbili baada ya kuanza, mtu aliyekuwa ametulia kwa 80 anaamka na arosto kama hajanywa kitu. Kliniki ya TB inamwona mkorofi, ya methadoni inamwona anatumia kwa siri, naye anarudi kwa pusha. Mpeleke mwenyewe, beba kadi zote mbili, sema mbele ya daktari wa methadoni: ameanza dawa za TB tarehe fulani. Dozi itapandishwa. Na mwisho wa miezi sita rudi tena, maana rifampisini ikiondoka methadoni inapanda mwilini, na ile dozi kubwa sasa inamzidi. Kama ana VVU na anatumia dolutegraviri, rifampisini inaigusa pia. Wakati wa TB huongezewa kidonge kimoja cha miligramu 50 saa kumi na mbili baada ya kile cha kawaida. Hakikisha kipo kwenye bahasha yake.

Madhara madogo nayo yanafukuza watu. Choo kigumu: maji, mapapai, mboga za majani. Jasho jingi. Meno kuoza. Wengine wakitoka kwenye unga wanahamia gongo. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, ila pombe kali ya chupa ndogo ipo kila kona. Akija kliniki amelewa dozi huzuiwa, kwa kuwa pombe na methadoni pamoja huzima pumzi.

Gongo, na sindano ya mwezi

Anayekunywa tangu asubuhi na mikono inatetemeka mpaka apate bilauri ya kwanza, usimwambie aache kesho. Kifafa cha pombe huja kati ya saa 6 na 48 baada ya kuacha ghafla, na kuanzia siku ya tatu hivi anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, moyo ukaenda mbio, akafa. Aachie hospitali, chini ya dawa. Mkumbushe mhudumu vitamini B1, itangulie dripu ya glukosi. Ikikosekana, ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja.

Kwa maradhi ya akili, tatizo kubwa la vidonge ni shingo kukakamaa, mikono kutetemeka na mate kutiririka. Mtu anasema "wananilisha sumu", na kwa jinsi anavyojisikia hajakosea sana. Mwulize daktari kuhusu kupunguza dozi, kubadili dawa, au sindano ya muda mrefu inayochomwa takriban kila wiki nne. Kwa mtu asiye na kabati la kufungia vidonge, sindano inaokoa mengi. Dawa ya kutuliza yale madhara, benzeksoli, ambayo mtaani wanaiita atani, ina soko lake la magendo, hivyo ikitolewa ya mwezi mzima itauzwa au itamezwa kwa wingi apate stimu. Wiki moja moja inatosha.

Hospitalini pita kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kupita dirisha la malipo. Msamaha unaombwa mwanzoni, na barua ya mtaa mkononi. Ukianza kulipa, unaonekana unaweza.

Karatasi

Bila namba ya NIDA hakuna laini ya simu kwa jina lake, tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa Januari 2020. Bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa hakuna pa kuweka pesa zaidi ya soksi. Kwa hiyo anza karatasi wiki ya kwanza, usingoje apate chumba. Zinachukua muda mrefu.

NIDA watataka barua ya serikali ya mtaa na ushahidi wa kuzaliwa. Barua ya mtaa inahitaji makazi, na yeye hana makazi. Hapa wengi hukwama. Njia inayofanya kazi ni kumwendea mwenyekiti wa mtaa wa maskani yenyewe, ukiwa na balozi wa nyumba kumi na mtu mzima wa pale anayemfahamu kwa miaka, mama ntilie kwa mfano, ili aandikwe kama mtu anayejulikana eneo hilo. Usimdanganyie anwani. Uongo huo utamrudia kwenye fomu inayofuata. Cheti cha kuzaliwa hana. RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, husajili waliochelewa kwa vielelezo kama cheti cha shule, cha ubatizo, kadi ya kliniki ya utotoni. Parokia na shule za msingi hutunza madaftari ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Kiapo cha wakili kinasaidia pale mzazi hayupo.

Majina yafanane herufi kwa herufi kila mahali. Juma Saidi kwenye kadi ya TB na Said Juma kwenye fomu ya NIDA ni watu wawili mbele ya kompyuta. Nakala za kila kitu zikae kwenye faili ofisini, maana begi la mtu wa maskani huibwa.

Chumba chenyewe

Chukua mfano wa chumba cha 40,000. Miezi sita ni 240,000, na dalali anataka mwezi mmoja, kwa hiyo ni 280,000 kabla hajaingia. Jaribu kumkwepa dalali kwa kumtumia balozi, na jaribu kupata miezi mitatu mitatu. Wapo wenye nyumba wanaokubali, hasa wajane na wazee wanaoishi humohumo ndani, ukiwaeleza kuna mtu atakayepiga simu kabla kodi haijaisha. Waeleze nini kuhusu mpangaji? Kile tu alichokubali mwenyewe kielezwe. "Alikuwa hana makazi, yuko kwenye matibabu, tunamtembelea" kwa kawaida inatosha. Hali yake ya VVU si ya mwenye nyumba.

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido ni bora kuliko chumba cha peke yake nyuma ya ukuta. Kuna macho, kuna salamu, kuna mtu wa kuuliza "mbona hujatoka leo". Ila kuna na sababu za ugomvi, nazo zinajulikana mapema: zamu ya kusafisha choo, mchango wa maji, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Hiyo LUKU ndiyo inayofukuza watu zaidi ya pombe. Mita ni moja, wapangaji sita, mmoja ana friji, na mgeni asiyejua taratibu anaambiwa atoe sawa na wote. Siku ya kuhamia kaa na mwenye nyumba na wapangaji, ijulikane anatoa kiasi gani na siku gani, naye ana taa moja na chaja ya simu. Mchango wa mwezi wa kwanza utolewe hapohapo mbele ya wote.

Usiwaweke wawili waliotoka maskani moja kwenye chumba kimoja ili kuokoa kodi. Mmoja akirudia, wote wawili wamerudia.

Vitu vya kuanzia ni vichache: godoro la futi 3 kwa 6, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, sufuria moja na sahani mbili, jiko, kufuli, taa. Kitanda kinaweza kusubiri. Jiko la mkaa likae uani daima. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua kwa gesi isiyo na harufu. Kama anavuta sigara, mpe sahani pana ya bati yenye mchanga, ikae sakafuni pembeni ya godoro. Mtu wa methadoni husinzia sigara ikiwa mkononi, na sponji linashika moto upesi. Kwa sababu hiyohiyo chuma cha dawa ya mbu ya kuchoma kikae juu ya mchanga, si juu ya sanduku la karatasi.

Usiku wa kwanza wengi hawalali. Kimya cha chumba kinawatisha, mlango uliofungwa unawakumbusha mahabusu. Wengine hulala sakafuni pembeni ya godoro, au hutoka saa nane usiku kukaa kibarazani, na wapangaji wanadhani ni mwizi. Waambie mapema. Mruhusu aache dirisha wazi, redio ndogo ilie kwa sauti ya chini. Wapo wanaorudi kulala maskani siku tatu nne za juma mwezi mzima wa kwanza. Usilifanye kesi. Mwulize amelala wapi kama unavyomuuliza amekula nini.

Funguo zitapotea. Chonga tatu tangu mwanzo: moja yake, moja kwa mwenye nyumba, moja ofisini, kwa ridhaa yake iliyoandikwa. Kufuli ni bora kuliko kitasa, kwa kuwa likivunjwa unanunua jingine, hubomoi mlango.

Halafu kuna mzigo. Aliyeishi kwa kuokota chupa na vyuma ataendelea kuokota, na ndani ya wiki tatu chumba kina magunia mpaka dirishani, mende na panya wamehamia, majirani wamekwenda kwa mwenyekiti. Kumkataza hakusaidii, ndicho chakula chake. Kinachosaidia ni sheria ya gunia: magunia mawili, yakae uani pale mwenye nyumba alipokubali, la tatu haliingii mpaka moja limeuzwa. Siku ya kuuza iwe ileile kila wiki, na iwe siku ya kuweka pesa ya kodi.

Pesa ya siku, kodi ya miezi

Kipato chake ni cha siku. Kodi ni ya miezi. Hapo katikati ndipo anapoanguka. Kwa chumba cha 40,000, kodi mpya ya miezi sita ni 240,000 kugawa siku 180, karibu 1,340 kila siku. Ukizungusha iwe 1,500, siku za ugonjwa na mvua zinafidiwa kidogo. Mwonyeshe namba hiyo kabla hajahamia, na aanze kuiweka akiwa bado maskani, hata kama ni 500. Asiyeweza kuweka hata 500 kwa majuma matatu hajawa tayari kubeba chumba peke yake. Mtafutie wa kushirikiana naye asiyetoka maskani, au ndugu.

Weka wapi? Kibubu ndani ya chumba hakidumu, usiku wa arosto kinavunjwa. M-Pesa yenye namba ya siri anayoijua yeye peke yake ni nafuu, japo simu yenyewe itauzwa siku mbaya. Namba ya laini iandikwe kwenye kumbukumbu za ofisi ili laini irudishwe kwa jina lake. Bora kuliko zote ni kumlipa mwenye nyumba kidogokidogo kila wiki, daftari mbili, sahihi mbili: 10,000 kila Jumamosi, na baada ya wiki 24 kodi mpya imekwisha lipwa bila mtu kugonga mlango. Mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na vikoba viwe baadaye. Akipokea mchezo wa laki mbili kwa mkono mmoja mwezi wa pili, laki mbili hizo zina mwenyewe tayari.

Pesa za asasi zisimlipie kila kitu na kisha zikome ghafla. Mkupuo wa kwanza mlipie mwenye nyumba moja kwa moja. Wa pili, yeye atoe nusu au zaidi, ninyi mjazie. Wa tatu, wote wake, nanyi mkiwa na akiba ya mwezi mmoja tu mkononi kwa dharura, ambayo msimtangazie.

Kutembelea, na kuondoka

Kuna utaratibu uliotokana na kazi ya wanaume wa makazi ya muda ya New York katika miaka ya 1990, wa miezi tisa iliyogawanywa mara tatu: miezi mitatu ya kushikana mikono, mitatu ya kumwacha ajaribu ukitazama kwa mbali, mitatu ya kukabidhi na kuondoka. Ni mpango mzuri kwa sababu una mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Lakini ukiuchukua kama ulivyo, awamu ya kuondoka inaanza mwezi wa saba, palepale kodi inapoisha. Sogeza. Kwetu mwezi wa sita na wa saba uwe wa kutembelea sana kama mwezi wa kwanza, na kuondoka kuanze wa kumi.

Wiki mbili za kwanza nenda kila siku, dakika ishirini tu. Baadaye mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Mtu mmoja akiwa na zaidi ya wanane au kumi wa aina hii, hawatembelei, anawapigia simu, na simu zao zimezima. Ukifika angalia vitu badala ya kuhoji: ndoo ina maji? Sufuria imetumika juzi au ina vumbi? Kadi ya kliniki ina tarehe za wiki hii? Ana kijiko kilichoungua chini, dalili ya kupika unga? Je, mwenye nyumba anakusalimia vizuri au anageuka pembeni?

Kumkabidhi maana yake ni kuwa na watu watatu watakaomjua baada yako: mmoja wa kliniki, mmoja wa nyumba au mtaa, mmoja wa upande wake. Huyo wa tatu mara nyingi ni dada au mama mdogo. Ndugu wameibiwa televisheni na mitungi ya gesi, wamechoka. Usimpeleke mlangoni kwa ghafla. Anza na simu ya dakika tano, kisha msiba au harusi ambako anahudhuria na kuondoka siku hiyohiyo. Kumsafirisha kwao mkoani hufanywa sana na kushindwa sana, kwa sababu wilaya nyingi hazina kliniki ya methadoni. Kabla ya kukata tiketi uliza dozi ataipata wapi kesho yake, na ahamishwe kwa barua kutoka kliniki hadi kliniki.

Atarudia. Wengi hurudia angalau mara moja. Akiteleza, cha kwanza ni kumrudisha kliniki kabla siku tano hazijaisha. Cha pili ni kumwona mwenye nyumba kabla hajasikia kwa majirani. Na akikimbia chumba kabisa, siku hiyohiyo nenda na balozi, andika orodha ya vitu vyake, vihifadhiwe, godoro lisiuzwe kufidia LUKU. Lipa deni lake dogo la maji na umeme, safisha chumba mpaka choo, rudisha ufunguo mkononi. Mwenye nyumba aliyetendewa hivyo hupangisha tena kwa mtu wa asasi hiyohiyo, wakati mwingine kwa huyohuyo aliyekimbia, akirudi miezi mitatu baadaye akitafuta godoro lake.